Sura ya Tano: Hesabu ya Samaki Chini ya Shituru

Mto Panda huingia Likasi, mji wa Katanga, ukiwa mto mdogo wa kawaida, na hutoka ukiwa umebeba uchafu wa kazi za mji. Katika komini ya Shituru, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilijenga viwanda vya kusafisha shaba kwa umeme. Vilianza kazi mwaka 1929. Baadaye vikawa mali ya kampuni ya serikali, Gécamines, na viwanda vingine vikaja kujipanga jirani. Kazi hiyo hutaka vitu viwili kwa wingi: tindikali ya kuyeyushia madini, na umeme wa kuitoa shaba ndani ya maji hayo ya tindikali. Maji yakishatumika hufuata mteremko. Mteremko huishia Panda, Panda humwaga maji yake Lufira, na Lufira, ikifika mashariki ya Likasi, hutanuka ikawa ziwa.

Ziwa hilo, Tshangalele, si la kale. Lilizaliwa mwaka 1930, Lufira ilipozibwa kwenye maporomoko yaliyoitwa Cornet, pale Mwadingusha, ili mitambo ipate maji na viwanda vipate umeme. Kwa hiyo viwanda ndivyo vilivyolizaa ziwa, na viwanda hivyohivyo vikalifanya kikomo cha maji yao machafu. Waliochora bwawa walikuwa wakipiga hesabu za umeme, samaki hawakuwamo. Samaki walikuja wenyewe. Perege, kambale na wenzao wa mtoni na vinamasini walikuta mamia ya kilomita za mraba za maji ya kina kifupi, majani na matope, wakajaa. Watu wakawafuata na nyavu, wakajenga vijiji ufukoni, na samaki wa Tshangalele akawa mmoja wa wale wanaoliwa pamoja na bukari, yaani ugali, Likasi na hata Lubumbashi.

Swali la sura hii ni la hesabu: kila mwaka zinaweza kutolewa tani ngapi ziwani bila mwaka unaofuata kupungukiwa? Na samaki wakipungua, tutajuaje kwamba ni mvuvi aliyezidisha? Jibu linalotolewa upesi hujulikana kabla mtu hajashika mizani: wavuvi wamekuwa wengi, matundu ya nyavu yamekuwa madogo, vyandarua vya mbu vinakokota hadi vifaranga. Huenda yote ni kweli. Lakini sayansi ya uvuvi ina kanuni zake za kumtia mtu hatiani, na nataka tuzifuate hatua kwa hatua, kwa sababu katika ziwa hili kanuni hizo zinakutana na jambo ambalo waliozitunga hawakulitazamia.

Msingi wake ni mwepesi kiasi kwamba mwuza samaki yeyote angeweza kuutunga. Mwaka 1931 E. S. Russell, mwanabiolojia wa Uingereza, aliuandika hivi: uzito wote wa samaki wa mwakani ni uzito wa mwaka huu, ongeza samaki wachanga wanaofikia kimo cha kuvuliwa, ongeza unono wa waliopo, toa waliovuliwa, toa waliokufa kwa sababu nyingine. Ukivua kiasi kilekile ambacho kuzaliana na kunenepa vinaongeza baada ya vifo vingine kutolewa, samaki hubaki palepale. Ukizidisha, wanashuka. Naomba msomaji aishike ile sehemu ya mwisho, waliokufa kwa sababu nyingine. Kwenye vitabu hupewa herufi moja na mara nyingi huachwa iwe namba isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Tutairudia.

Miaka minne baada ya Russell, Michael Graham aliipa hesabu hiyo umbo la mlima. Kabla ya kufika huko alikuwa amepita Afrika Mashariki. Mwaka 1927 na 1928 alitumwa kuchunguza Ziwa Victoria, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Nyavu za makila zilikuwa zimeingia Kisumu mwaka 1905, na katika miaka ishirini na kitu ngege, perege wa ziwa hilo, waliokuwa wakinaswa katika wavu mmoja kwa usiku mmoja walikuwa wamepungua vibaya. Graham alipendekeza tundu la wavu lisipungue inchi tano, ili ngege azae kabla hajanaswa. Alionya pia kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine kungekuwa hatari kubwa. Onyo hilo lilipuuzwa katika miaka ya 1950, sangara alipopandikizwa. Kipimo alichokitegemea kingali kipimo chetu hadi leo: samaki wangapi, kwa wavu mmoja, kwa usiku mmoja. Jumla ya tani sokoni inaweza kupanda huku ziwa linafilisika, maana nyavu zimeongezeka. Mavuno ya wavu mmoja ni magumu zaidi kudanganya.

Mlima wa Graham ulijengwa juu ya mchoro wa mwanahisabati Mbelgiji, Pierre-François Verhulst, aliyeonyesha mwaka 1838 kwamba viumbe wakiwa wachache huongezeka polepole kwa idadi, wakiwa wa kati huongezeka kwa kasi, na wakikaribia kujaa makao yao huanza kuzuiana. Mwaka 1954 Milner Schaefer, aliyeshughulika na jodari wa Pasifiki, alikamilisha fomula ambayo wataalamu wanaitumia mpaka sasa. Tuipe mwili kwa mfano wa kubuni. Chukua ziwa linaloweza kubeba tani 1,000 za perege, wasizidi. Wakiwa 900, nafasi na chakula vimebana, hivyo wanaongeza tani 54 tu kwa mwaka. Wakiwa 200, wazazi ni wachache, wanaongeza 96. Wakiwa 500, nusu kamili, wanaongeza 150. Hapo ndipo kilele, na kilele hicho ndicho kinachoitwa mavuno ya juu kabisa yanayoweza kudumu. Vua tani 150 kila mwaka huku samaki wakiwa 500, na kwa mujibu wa fomula wajukuu wako watavua 150 vilevile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliiandika fikra hiyo katika sheria ya dunia, ingawa miaka mitano kabla yake Mkanada Peter Larkin alikuwa ameshaitangazia kifo katika makala yake mashuhuri, akieleza kwamba kuilenga ncha ya kilele ni kusimama mahali ambapo kuteleza kidogo tu kunakupeleka chini.

Shirika la FAO, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba asilimia 37.7 ya makundi ya samaki yanayofuatiliwa duniani yanavuliwa kupita kiasi. Ni takwimu ya bahari. Maziwa na mito hayamo, na hiyo peke yake inaeleza mengi juu ya nani anapimwa na nani anahukumiwa kwa kutazamwa tu.

Sasa rudi kwenye mfano wetu, na ubadilishe kitu kimoja tu. Wavuvi ni walewale, nyavu zilezile, tani zilezile 150 kwa mwaka. Ila ziwa limepungukiwa uwezo: halibebi tena 1,000, linabeba 500. Sababu iwe yoyote. Maji yameshuka, au sehemu za kutagia zimefukiwa na matope, au wadudu wa majini wanaoliwa na samaki wametoweka. Samaki wako 500, na kwa makao haya mapya hiyo ni kujaa, kwa hiyo hawaongezeki hata tani moja. Mwaka wa kwanza 150 zinatoka, zinabaki 350. Wa pili zinabaki 263. Wa tatu 188. Wa nne 108. Mwaka wa tano unaishia na tani tisa.

Mkaguzi akifika mwaka wa sita atakuta nini? Atakuta wavu mmoja hauleti kitu, wavuvi wanahangaika na vyandarua, samaki waliobaki ni vidole. Ataandika kwamba ziwa limevuliwa kupita kiasi, na kwa lugha ya fomula atakuwa amesema kweli, kwa sababu mavuno yamezidi yale ambayo ziwa, kwa hali yake ya sasa, linaweza kuyarudisha. Lakini katika masimulizi haya hakuna mvuvi aliyebadilisha lolote. Fomula inapima uwiano kati ya mkono unaochukua na maji yanayotoa. Haijui ni upande upi ulioyumba. Atakayeisoma bila kupima upande wa maji atamkuta mvuvi na hatia kila mara, maana mvuvi ndiye pekee aliyehesabiwa.

Sisemi hivi ili kumsafisha mvuvi. Katanga ina kesi yake ambapo nyavu ziliua, na kumbukumbu yake ingali hai Kasenga. Katika Ziwa Mweru na Mto Luapula aliishi samaki aitwaye mpumbu, mkubwa, mwenye mafuta, na mayai yake yakipendwa sana. Mvua zilipoanza, mpumbu walitoka ziwani kwa makundi makubwa wakapanda Luapula kwenda kutaga. Safari hiyo iliwaponza. Ukanda wa migodi ulikuwa na maelfu ya vinywa vya kulishwa, makampuni yalitoa posho ya chakula kwa wafanyakazi, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walikuwa na mashua za injini, barafu na malori ya kuwafikisha samaki Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na miji mingine ya migodi. Nyavu zilitandazwa mtoni wakati wa kupanda, wakanaswa majike wenye mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makundi yalikuwa yamevunjika, na hayakurudi tena kwa wingi ule. Mto ulikuwa mpaka wa makoloni mawili, Kongo ya Wabelgiji na Rhodesia ya Kaskazini, na upande mmoja ulipofikiria kuzuia, mwingine ulikuwa unapakia.

Kesi ya mpumbu inashika kwa sababu ushahidi wake unaungana: samaki anayekusanyika mahali pamoja kwa majira yanayojulikana, chombo kinachomlenga palepale, soko lisiloshiba, na samaki wengine wa ziwa hilohilo walioendelea kustawi. Maji yangekuwa ndiyo yaliyoharibika, wote wangeumia pamoja. Haikuwa hivyo. Perege waliendelea kulisha soko, na tangu miaka ya 1970 uvuvi wa chisense, dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa, ukakua hadi ukatoa uzito mkubwa kuliko aina nyingine yoyote ya samaki. Wataalamu Jeppe Kolding na Paul van Zwieten walikuwa miongoni mwa walioyalinganisha maziwa kadhaa ya kusini mwa Afrika, Mweru likiwamo, katika utafiti uliochapishwa na FAO mwaka 2003. Walionyesha kwamba katika maziwa mengi ya kina kifupi kupanda na kushuka kwa mavuno kunafuata kupanda na kushuka kwa maji, pengine kuliko kunavyofuata idadi ya wavuvi. Mafuriko yanapofunika nyasi, rutuba inaingia majini, vifaranga wanapata chakula na maficho; ukame unapofika, kinyume chake.

Mweru hupanda na kushuka kwa mvua. Tshangalele hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mkono wa mtu.

Hapo ndipo ziwa hili linapotoka kwenye vitabu. Bwawa la Mwadingusha lipo ili mitambo izunguke. Mvua zikikatika mwezi wa nne, maji yaliyohifadhiwa yanaanza kutumiwa, na ziwa la kina kifupi likipungua mita moja linaacha uwanda mkubwa wa tope mkavu. Perege dume huchimba kiota kama bakuli kwenye maji haba ya ufukoni, wakati mwingine yasiyofika magotini. Maji yakivutwa kwa haraka, viota hubaki juani na vifaranga hutolewa kwenye majani yanayowaficha, wakaingia maji ya wazi walipo kambale. Umeme huo unahitajika, na nani Katanga asiyejua shida ya umeme. Mitambo ya Mwadingusha ilikarabatiwa na kukamilika mwaka 2021, na kwa ukarabati huo ikapata nguvu za megawati 78. Nasema tu kwamba anayefungua lango la bwawa anashiriki kuamua idadi ya perege wa mwakani, sawa na anayetupa wavu. Mmoja wao ana leseni yenye masharti ya tundu la wavu. Mwingine, katika hesabu za samaki, hatajwi.

Halafu kuna maji yenyewe. Mwaka 2010 Bauduin Katemo Manda na wenzake wa Lubumbashi na Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa bonde la Lufira ya juu. Walifuatilia shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, urani, vanadiamu na aseniki katika mnyororo wa chakula wa majini, hadi samaki. Mwaka mmoja kabla, timu ya Célestin Banza ilikuwa imepima mikojo ya watu wa kusini mwa Katanga, ikakuta kobalti nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha. Kwa samaki, shaba iliyoyeyuka majini ni sumu kwenye mashavu yake ya kupumulia, na wachanga huathirika kabla ya wakubwa. Wadudu wadogo na viluwiluwi vya majini, ambavyo ndivyo mkate wa samaki wengi, huathirika hata kabla yao. Hivyo metali za Panda zinaingia katika hesabu ya Russell kupitia milango mitatu: wachanga wachache zaidi, unono mdogo zaidi, vifo vingi zaidi. Ile herufi iliyoachwa isibadilike, ya waliokufa kwa sababu nyingine, chini ya Shituru inabadilika kila kiwanda kinapoongeza au kupunguza kazi.

Ugumu unazidi tunapotafuta njia ya mkato. Ziwa kama hili halina miaka thelathini ya takwimu za mavuno za kuchorea mlima wa Schaefer. Kwa maziwa ya namna hiyo iko njia ya kukadiria, iliyoanzishwa na R. A. Ryder mwaka 1965 na kupelekwa kwenye maziwa ya Afrika na Henderson na Welcomme mwaka 1974. Unapima uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, na chumvi huchukuliwa kuwa dalili ya rutuba. Unagawanya kwa kina cha wastani, kwa kuwa ziwa la kina kifupi huzungusha rutuba yake vizuri zaidi. Namba inayotoka unaiingiza katika fomula, nayo inakupa kilo za samaki kwa hekta kwa mwaka. Ni njia nzuri. Imesaidia nchi nyingi maskini kupata makadirio ya kwanza kwa kifaa kinachotosha mfukoni na kamba ya kupimia kina.

Itumie sasa Tshangalele. Maji ya viwandani yana chumvi nyingi, salfati hasa, na kifaa hakiulizi chumvi imetoka wapi. Uwezo wa kupitisha umeme ukiongezeka mara mbili kwa sababu ya maji ya kiwanda, fomula ya Henderson na Welcomme itaahidi samaki zaidi kwa asilimia 38 hivi. Nimeipiga hesabu hiyo kwa fomula yao wenyewe. Vilevile kina kikipungua nusu kwa kuwa maji yamevutwa kwenda kwenye mitambo, fomula itaahidi asilimia 38 ileile ya nyongeza kwa kila hekta iliyobaki. Mambo mawili yanayomwumiza samaki yanasomeka kwenye karatasi kama neema. Ofisa akichukua namba hiyo, akailinganisha na tani zinazofika sokoni, atakuta pengo kubwa, na pengo hilo atalijaza kwa neno moja: uvuvi haramu. Waliotunga kipimo walitaka kitumike kwa maziwa yanayofanana kwa tabianchi na kwa aina ya chumvi. Kosa si lao.

Basi tufanye nini, kama jumla ya tani inadanganya na kipimo cha chumvi kinadanganya? Nadhani jibu liko kwenye kapu la mvuvi, ukilitazama kwa makini kuliko kulipima uzito tu. Daniel Pauly, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, aliwafundisha watu wa nchi za joto kusoma urefu wa samaki, kwa kuwa pete za mwaka kwenye mawe ya masikio, zinazosomeka vizuri kwa samaki wa nchi za baridi, kwetu mara nyingi zimefifia. Pima urefu wa samaki mia kadhaa kila mwezi, andika, rudia. Wale waliozaliwa pamoja wataonekana kama kilima kimoja kinachosogea mwezi hadi mwezi kuelekea urefu mkubwa, na kutokana na kasi ya kilima hicho unajua wanakua haraka kiasi gani na wanatoweka haraka kiasi gani.

Na magonjwa mbalimbali ya ziwa huacha alama mbalimbali kwenye urefu huo. Nyavu zikizidi, wakubwa hutoweka kwanza. Waliobaki ni wadogo lakini wanene, kwa sababu chakula kimebaki kwa wachache, na majike huanza kuzaa wakiwa na umbo dogo. Chakula kikiharibika, samaki wa kila kimo huwa wembamba, vichwa vikubwa miili mikavu. Viota vikiachwa juani msimu mmoja, kilima kimoja kinakosekana: wakubwa wapo, wadogo kabisa wapo, lakini waliopaswa kuzaliwa mwaka ule hawapo, na pengo hilo litatembea kwenye vipimo miaka miwili au mitatu. Maji yakileta sumu ya ghafla, wanakufa wa kila kimo kwa siku chache, na mwambao unasema wenyewe. Haya ni mambo ambayo wanawake wanunuao samaki ufukoni wanayaona kabla ya mtaalamu. Wanajua mwezi ambao samaki ni mifupa. Hakuna anayewapa daftari.

Daftari hilo lingehitaji safu chache: tarehe, idadi ya nyavu na matundu yake, uzito, urefu wa samaki, hali ya mwili. Kando yake iwekwe safu ya kimo cha maji bwawani, ambacho wenye bwawa hawana budi kukifuatilia ili kuendesha mitambo. Na kando ya hapo vipimo vya maji ya Panda pale yanapotoka Likasi. Kumbukumbu tatu za watu watatu ambao leo hawasomeani. Bila hizo, hatua zinazochukuliwa zinagusa upande mmoja tu. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilikuwa na hoja, kwa sababu kule maji hayatawaliwi na lango wala hayapokei tindikali ya kiwanda kama Panda. Mkono mkubwa unaoweza kupunguzwa ni wa mvuvi. Kufunga uvuvi Tshangalele wakati lango la bwawa linaendelea kushusha maji juu ya viota ni kumwomba mvuvi alipe deni ambalo sehemu yake tu ni lake.

Limebaki jambo moja, nalo linanisumbua kuliko yote, maana linagonganisha ushauri mzuri na ushauri mzuri. Mwaka 2012 Serge Garcia, Kolding na wenzao wengi waliandika katika jarida la Science kwamba sheria ya kuwaacha wadogo na kuvua wakubwa tu, ile ya Graham na inchi zake tano, inaweza kupotosha ziwa zima: inawamaliza wazazi wakubwa wenye mayai mengi na kuwaacha wadogo wanaojazana. Walipendekeza kuvua kwa kiasi samaki wa kila aina na kila kimo, kulingana na kasi yao ya kuzaana, wadogo wakiwamo. Hoja hiyo inamtetea mvuvi wa nyavu ndogo, na mimi naikubali kwa maziwa mengi ya Afrika. Wataalamu wa lishe wanaiunga mkono kwa sababu yao: samaki mdogo huliwa mzima, na ndani ya mifupa, ini na macho yake mna kalisi, chuma, zinki na vitamini A ambavyo mtoto hapati kwenye bukari.

Lakini metali nzito pia hupenda kukaa kwenye ini, mifupa na utumbo, na utumbo wa samaki wa tope hubeba tope lenyewe. Samaki mkubwa hupasuliwa, matumbo yakatupwa, ikaliwa nyama ambayo kwa kawaida ina metali chache kuliko ini. Mdogo hukaushwa na kuliwa na vyote vilivyomo. Kwa hiyo chini ya Shituru njia ya kuvua ambayo ingelitunza ziwa vizuri zaidi inaweza kuwa ndiyo inayompelekea mtoto kobalti na risasi nyingi zaidi kwenye sahani. Fomula ya Schaefer haiwezi kuliona hilo, maana yenyewe hupima tani na tani zote kwake ni sawa. Kwa Tshangalele kikomo cha mavuno kitatafutwa mara mbili: kiasi gani ziwa linaweza kurudisha, na kiasi gani, kwa kila aina na kila kimo cha samaki, mwili wa mtoto wa miaka mitano unaweza kupokea. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo halali. Ya pili haitafutwi kwa kuhesabu mitumbwi ufukoni. Inatafutwa kwa kukusanya samaki wa kila kimo, kuwapasua, kupima ini kando na nyama kando, kuanzia mlango wa Lufira inapoingia ziwani hadi ukuta wa bwawa, na kulinganisha miezi ambayo viwanda vinafanya kazi kwa nguvu na miezi ambayo vimesimama.